Siku ya Ugonjwa ni ya Nani?

Mwaka 2016 nilikuwa na mbwa wawili na magoti mabovu. Mbwa niliwaletewa na mwanangu baada ya wezi kuruka ukuta wetu mara mbili katika mwezi mmoja. Magoti niliyapata kwa miaka thelathini na mitano ya kusimama mbele ya ubao nikifundisha historia. Kwa kuwa sikuweza kuwatembeza mbwa hao, ilinibidi nitafute mtu. Akapatikana mzee mmoja, mdogo wangu kwa miaka michache, ambaye hapa kwetu Tanga alikuwa amejitengenezea kazi yake mwenyewe. Kila siku, asubuhi na jioni, alipita nyumba nne. Aliwapikia mbwa, akawaogesha kwa dawa ya kupe, akawatembeza hadi ufukweni na kuwarudisha, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa yeye ndiye aliyewashika. Hakuwa mtumishi wa mtu. Akiulizwa habari ya kazi yake, alijibu kwa neno moja tu: "Najitegemea."

Patano letu lilikuwa la mdomo: shilingi 2,000 kwa kila siku aliyokuja, na hesabu Jumamosi. Jikoni niliweka daftari dogo, nami nilitia alama kila alipofika. Alama saba, shilingi 14,000. Tulikwenda hivyo miaka mitatu bila neno.

Mwezi wa Juni mwaka huo akaja kuniambia kwamba ngiri iliyokuwa ikimsumbua imefika mahali pa kupasuliwa. Daktari alikuwa amemwonya kwamba baada ya hapo asiinue kitu kizito wala asivutane na chochote kwa muda wa wiki sita. "Mwalimu," akasema, "mimi nitakuwa sipo. Watafutie akina Simba mtu." Hakuniomba kitu. Nikampa pole, nikampa na shilingi 10,000 za matunda, nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Jumamosi iliyofuata nililifungua daftari. Mistari yake ilikuwa mitupu. Kijana niliyemweka badala yake nilikuwa nimemlipa tayari. Nikakaa na kalamu mkononi, nikajiuliza: je, yule mzee nimlipe? Nilipomshirikisha mama watoto, alinijibu kwa swali: "Fundi bomba akiumwa, huwa unamlipa?" Sikuwa na la kusema. Pensheni yangu si ya kujivunia, na mzee mwenyewe alisema anajitegemea. Nikalifunga daftari.

Lakini mtu aliyefundisha historia maisha yake yote hawezi kulifunga daftari likafungika. Usiku ule nilianza kufikiri juu ya neno ambalo sisi Waswahili tunalitumia kila siku bila kulitazama: kibarua. Kibarua ni barua ndogo. Katika miji ya pwani yetu katika karne ya 19, Unguja na Mombasa na kwingineko, mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, naye akakipeleka kwa aliyemwajiri ili apate ujira wake. Wengi katika hao walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta kazi mjini, na sehemu ya ujira waliirudisha kwa bwana. Jina la kikaratasi likawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu. Ubora wa kikaratasi hicho, kwa aliyekitoa, ulikuwa huu: jua likitua, fedha zikitolewa, hakuna mtu anayemdai mwenzake. Kesho kibarua akiamka na homa, hiyo ni homa yake.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kikaratasi hakikufutwa. Hilo nalijua, kwa sababu nilizaliwa ndani yake.

Baba yangu alitoka Songea mwaka 1948, akaletwa Tanga kukata mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 zikaota safari za maelfu ya watu kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Na kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 za siku. Ukimaliza sehemu yako ya kazi, siku inaandikwa. Usipoimaliza, haiandikwi. Ujira ulikuja zilipojaa nafasi zote 30, hata kama mwezi wa kalenda ulikwisha zamani.

Baba alikuwa na kisa kimoja ambacho alikisimulia mara nyingi, tena bila hasira. Mwaka wake wa pili, kadi ikiwa imebaki nafasi tatu, alishikwa na homa. Alikwenda shambani hivyo hivyo, akakata mpaka adhuhuri, kisha akaanguka kati ya mistari ya mkonge. Wenzake wakambeba hadi kwenye zahanati ya shamba. Huko alipewa kwinini, akalazwa, akahudumiwa vizuri. Alipopona alimwendea mnyapara na kadi yake kuuliza juu ya siku ile. Mnyapara akamwambia hakumaliza. Baba alikuwa akimalizia kisa hicho kwa maneno haya: "Dawa nilipewa. Siku sikuandikiwa."

Nilipokuwa kijana nilidhani wakoloni walikuwa hivyo kwa kutojua njia nyingine. Baadaye, nikiwa chuoni, niligundua kwamba walijua sana. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa tarehe 15 Juni, 1883, wakati wa Bismarck. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, na aliyeugua alipata nusu ya ujira wake hadi wiki 13. Miaka miwili tu baadaye, Februari 1885, serikali hiyo hiyo ikaipa hati kampuni ya Carl Peters kuja kutawala kwetu. Sheria ilibaki Berlin. Kilichopanda meli ni bendera. Tena hata huko kwao watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashamba kwa jumla waliachwa nje, wakasubiri hadi sheria ya mwaka 1911.

Mwaka huo huo wa 1911 Uingereza nayo ilipata sheria yake ya Bima ya Taifa. Mfanyakazi alitoa peni nne kwa wiki, mwajiri peni tatu, serikali peni mbili. Mwanamume aliyeugua alipata shilingi kumi kwa wiki, mwanamke shilingi saba na nusu. Watumishi wa nyumbani waliingizwa, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mwezi Novemba mabibi wenye nyumba walijaa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kupinga kulazimishwa kubandika stempu za bima kwenye kadi za watumishi wao. Walisema kwamba sheria itaharibu upendo uliopo baina ya bibi na mtumishi wake. Miaka ya nyuma, nilipowasimulia wanafunzi habari hiyo, darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Usiku ule wa Juni sikucheka. Shilingi 10,000 zangu za matunda zilikuwa upendo wa namna ile ile.

Basi historia, kwa kadiri ninavyoijua, imejibu swali hili kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya kikaratasi: siku ya ugonjwa ni ya mgonjwa peke yake. Ya pili inamtwisha mwajiri. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni ya namna hii: katika mzunguko wa miaka mitatu mwajiriwa anaweza kupata siku 126 za likizo ya ugonjwa, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Ya tatu ni ya kuchangia pamoja, wenye afya wakiwabebea wagonjwa, wakijua kwamba zamu yao inakuja.

Mzee wangu, nilijiambia, hayumo katika ya pili, maana anajitegemea. Lakini sheria mwenza ya mwaka huo huo, ile ya Taasisi za Kazi, inataja dalili saba, na ikipatikana hata moja, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nikazipitia. Je, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine? Mimi ndiye niliyesema saa kumi na mbili asubuhi. Je, anapewa vifaa? Minyororo na brashi ni vyangu. Je, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho? Saa moja na nusu kwa siku, mara siku 30, ni 45 kamili. Kweli alikuwa na nyumba nyingine tatu, na hakimu angeweza kuamua vyovyote. Hata hivyo ile "najitegemea" niliyojifichia nyuma yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani.

Yote hayo niliyawaza, msomaji wangu, na bado sikufanya kitu. Hilo ndilo linaloniaibisha. Niliijua historia yote hiyo, na Jumamosi ya pili ilikuwa inakaribia, na sikuwa nimekwenda hata kumjulia hali.

Siku ya kumi na mbili baada ya kupasuliwa, alfajiri, nikasikia mlango wa uani. Nikadhani ni yule kijana. Nilipotoka nikamwona mzee mwenyewe, mnyororo wa Jimi mkononi, anajaribu kutembea kama mtu asiye na kidonda. Kabla sijasema neno, Jimi akaona paka ukutani. Akavuta mara moja tu. Mzee akakaa chini mchangani taratibu, mkono tumboni, jasho likimtoka usoni. Mimi na jirani tulimwinua, tukampeleka hospitali kwa bajaji. Mungu alimstahi, mshono haukuachia.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukimngoja daktari, nilimuuliza kwa nini amefanya vile. Akasema, "Nyumba zote nne kimya, Mwalimu. Na ndani kuna watu wanakula." Kisha, baada ya muda, akauliza bila kunitazama: "Na leo, umeniandikia?"

Sikuweza kumjibu. Nilimwona baba yangu amesimama mbele ya mnyapara, na safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nilimlipa. Ukweli ni kwamba nilimlipa nusu: shilingi 7,000 kwa kila wiki, wiki sita, jumla 42,000, na siku ile ya mchangani niliiandika nzima. Nilichagua nusu kwa kuwa yule kijana naye alikuwa akidai chake. Nilipita pia kwenye zile nyumba nyingine. Moja ilikubali papo hapo. Moja ilisema itafikiri, na nadhani ingali ikifikiri. Katika ya tatu mama mmoja aliniambia, "Nikimlipa huyu, kesho msusi wangu naye atataka." Sikumlaumu, kwani wiki mbili kabla nilikuwa nikizungumza kama yeye. Hoja ya fundi bomba bado ina nguvu. Lakini fundi bomba haji kwangu kila siku ya Mungu, na sijapata kupanga usingizi wa nyumba yangu juu ya afya yake.

Aliporudi hakutaka kusikia habari ya kulipwa tena akiwa kitandani. "Mara moja ni msaada," alisema, "mara mbili ni sadaka." Basi tukakubaliana jambo jingine. Kila Jumamosi mimi nilitia shilingi 1,000 katika kopo, naye alitia 500. Kwa Bismarck mfanyakazi ndiye aliyetoa theluthi mbili, sisi tuliigeuza. Hadi alipoacha kazi mwaka 2021, kopo lile lilikuwa limembeba katika malaria mbili na kidole kilichovunjika, na kilichobaki alikichukua akaenda nacho kwao.

Mwaka 2023 nchi yetu ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nami naitakia heri. Lakini bima hiyo ni ya matibabu. Italeta dawa, na dawa hata baba alipewa. Siku ya mama ntilie aliyelazwa, ya msusi, ya dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, bado kwa wengi inabaki mstari mtupu katika daftari la mtu. Sina sheria ya kupendekeza. Ninalo daftari langu la jikoni tu. Ukilifungua kwenye Juni ile ya 2016, utaona alama za wino wa rangi nyingine, zilizotiwa kwa kuchelewa.