Barua ya Mwinyi na waliofia rumande

Mwanasiasa wa Tanzania akiambiwa "awajibike", hakuna anayedhani ameambiwa akachape kazi. Ameambiwa aachie ngazi. Na neno hilo likizuka, haupiti muda kabla mtu hajataja barua ya Ali Hassan Mwinyi ya Januari 1977. Tumeisimulia barua hiyo hadi imekuwa kama hadithi ya kulalia. Kilichosababisha iandikwe tunakipitia haraka.

Chanzo kilikuwa Mwanza na Shinyanga. Katika miaka ya sabini, vikongwe wa Usukumani, wengi wao wanawake, walikuwa wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi. Nchi ile miti imekwisha, kuni ni za kutafuta, na mama wengi hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kikongwe aliyeinamia moshi wa namna hiyo tangu usichana wake, ndani ya jiko lisilo na dirisha, mlitaka awe na macho ya rangi gani?

Wauaji mara nyingi walikuwa watu wa kukodiwa. Walikuja usiku, na asubuhi kijiji kizima hakikuwa kimeona wala kusikia kitu.

Mwaka 1976 serikali iliamua kwamba sasa basi. Polisi na watu wa Usalama wa Taifa wakaunganishwa katika operesheni moja, na mamia ya watu wakakamatwa. Mpelelezi asiye na shahidi hubakiwa na mdomo wa mtuhumiwa, na mdomo ule ulipokataa kufunguka, ulifunguliwa kwa nguvu. Mahabusu waliteswa ili wakiri. Baadhi yao hawakutoka hai. Kazi iliyoanza kwa nia ya kuokoa roho za vikongwe ikaishia kutoa roho za watu waliokuwa chini ya ulinzi wa dola yenyewe, wengine pengine hawana hatia yoyote. Hatutajua, maana marehemu hawakufika kwa hakimu.

Mahabusu wa siku zile angekimbilia wapi? Nchi ilikuwa ya chama kimoja. Sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Katiba haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo mwananchi angeweza kuishika mkononi na kuishtaki serikali. Ilikuwapo Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyopokea malalamiko ya raia dhidi ya wakubwa, lakini uwezo wake ulikuwa kuchunguza na kushauri tu, na Rais mwenyewe hakuguswa. Kati ya mgongo wa mahabusu na fimbo ya askari palibaki utu wa kiongozi, kama alikuwa nao.

Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1975. Hakuna aliyemtuhumu kwamba alimpiga mtu au kwamba aliagiza mtu apigwe. Hata hivyo polisi walikuwa wake, naye akamwandikia Mwalimu Nyerere kwamba anajiuzulu. Hakuondoka peke yake, jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau. Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama katika Ofisi ya Rais, alijiuzulu pia, pamoja na wakuu wa mikoa miwili iliyohusika: Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa.

Mwinyi akapelekwa Cairo kuwa balozi. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na 1985 akakabidhiwa Jamhuri ya Muungano.

Barua ile naiheshimu. Ninachogombana nacho ni kalenda. Aprili 1977, miezi mitatu tu baada ya mawaziri kung'oka, nchi ilipata Katiba mpya ya kudumu, na haki za raia hazikupewa sura yake. Ziliingizwa kwa marekebisho ya 1984, humo ikiwamo marufuku ya kumtesa mtu katika ibara ya 13. Hata hapo serikali ikajipa nafasi ya kuzipanga sheria zake, hivyo raia hakuweza kwenda mahakamani kuzidai hadi Machi 1988. Viongozi walipokelewa barua zao papo hapo. Mahabusu alisubiri miaka kumi na moja.

Usukumani kwenyewe hawakusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wafugaji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe waliunda sungusungu, wakakamata na kuhukumu wenyewe, kwa mishale na filimbi, na viboko havikukosekana huko pia. Serikali iliyashangilia majeshi hayo ya kijiji kabla ya kuyatafutia sheria.

Desemba 2013 mambo yakajirudia, safari hii hadharani. Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili wa tembo, iliacha malalamiko ya watu kupigwa, kudhalilishwa na kuuawa. Kamati ya Bunge ikaja na ripoti, wabunge wakachachamaa. Khamis Kagasheki wa Maliasili akatangaza kujiuzulu ukumbini, na usiku huohuo Rais Kikwete akatengua uteuzi wa mawaziri wengine watatu, akiwamo Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani. Ukiziweka 1977 na 2013 pamoja, tofauti ni kwamba mara ya pili Bunge lilisoma ripoti kwa sauti, wananchi wakiisikia. Nchimbi naye, kama Mwinyi, alirudi: leo ni Makamu wa Rais.

Mzee Mwinyi alifariki Februari 29, 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja. Katika tanzia nilizosoma, barua ya 1977 haikukosekana hata mara moja. Nilitafuta humo jina la mtu mmoja tu aliyefia rumande Mwanza au Shinyanga. Sikuliona.