Kiungulia baada ya kukatwa tumbo si laana

Wikendi iliyopita nilimpeleka anti yangu Eliye Springs. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, tumbo likabaki jembamba kama ndizi. Uzito umeshuka kweli, lakini usiku kiungulia kinamwamsha akikohoa. Pale ufuoni mzee mmoja akamwambia, "Mama, kunywa maji ya ziwa. Yana magadi, yatazima hiyo asidi." Mwingine akasema hiyo ni laana ya kukata mwili aliopewa na Mungu.

Wasee, hapo nilishindwa kunyamaza. Niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha.

Hii shida madaktari wanaijua kitambo. Mwaka wa 1966, huko Iowa, Marekani, Edward Mason alianza kutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo na kuiunganisha na utumbo. Watu wakapungua, lakini kwa wengine nyongo ikawa inarudi juu. Mwaka wa 1977 Ward Griffen na wenzake wakachapisha njia ya kuunganisha utumbo kwa umbo la Y, mbinu ya daktari wa Uswisi, César Roux, ya karne ya 19. Nyongo ikapelekwa mbali. Upasuaji wa "ndizi" ulianza kama sehemu ya upasuaji mkubwa zaidi, halafu miaka ya 2000 ukaanza kufanywa peke yake. Ni mfupi na rahisi kuliko wa Y, ndiyo maana ukapendwa. Lakini tumbo jembamba lina presha, na asidi inapanda haraka.

Na magadi? Yakikutana na asidi yanatoa gesi, presha inaongezeka. Tena ziwa letu lina floraidi nyingi. Afadhali maji ya chemchemi.

Kinachosaidia ni kula kidogo kidogo, kukaa saa tatu kabla ya kulala, kuinua upande wa kichwa wa kitanda, kuacha soda, pombe na sigara, na kumeza dawa za asidi alizoandika daktari. Ikikataa, wapime kwa kamera. Wengine hubadilishiwa kuwa Y. Ukitapika damu au chakula kikikwama, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinachoniuma ni hiki: anti alikuwa na kiungulia hata kabla ya upasuaji, na hakuna aliyemuuliza. Historia yote hii ilikuwepo. Kama unapanga kukatwa, sema mapema, hata kama hujaulizwa.