Nyuzi za Nanga na Muziki wa Kupumzika

Mwambie kijana wa Mwanza atunge muziki laini, wa kupumzisha akili, wenye hali ya nchi za joto. Atashika nini? Gitaa linaloteleza, sauti ya mawimbi, ndege wawili watatu, basi. Ndugu msomaji, mimi nilimaliza sekondari na noti sijazisomea, napiga gitaa kwa kujifurahisha tu. Lakini swali moja nimelibeba siku nyingi. Hiyo sauti ya nchi za joto ni ya nani?

Historia inasema hivi. Mwaka 1879 vibarua Wareno wa kisiwa cha Madeira walishuka Honolulu kwenda kwenye mashamba ya miwa, wakiwa na vigitaa vyao vidogo. Mafundi wa Kireno miongoni mwao wakaviunda upya huko Hawaii, vikaitwa ukulele. Mwenyeji wa Hawaii, Joseph Kekuku, akaeneza mtindo wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa. Kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915, Wamarekani wakauchangamkia muziki huo. Halafu mwaka 1957 mpiga piano Martin Denny akatoa santuri iitwayo Exotica, wenzake wakiiga milio ya ndege na vyura. Mtu amekaa sebuleni kwake, nje theluji, anafumba macho anajiona yuko ufukweni.

Simlaumu. Kila mtu ana haki ya kuota. Ila ndoto yake ikageuka kuwa picha yetu sisi: minazi, usingizi, na mhudumu anayetabasamu. Hata pwani ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Them Mushrooms walitoa Jambo Bwana. Wimbo mtamu, nani atakataa? Lakini anayeimbiwa ni mgeni wa hoteli.

Sasa tuje kwetu, nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Wasukuma wanajulikana kwa bugobogobo, ngoma ya jembe, na kwa mashindano ya Bagika na Bagalu. Hapo hakuna kulala! Lakini Ukerewe, Uzinza na ng'ambo ya ziwa kwa Wahaya kuna nanga. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na kamba moja inapitishwa kwenda na kurudi mpaka inakuwa nyuzi saba au nane. Sauti yake ni ndogo mno. Ukitaka kuisikia, unanyamaza. Jamaa zake wako Uganda, Rwanda na Burundi, na huko Burundi mwimbaji hunong'ona, haimbi kwa koo wazi.

Hapa ndipo penye jambo. Muziki ule mpole ulibeba habari nzito. Wapiga nanga wa Buhaya walisimulia wafalme, mashujaa, usaliti na vifo. Upole wa sauti haukuwa ulegevu wa mawazo. Msikilizaji alitulia, naam, ila alitulia ili afikiri.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria, na wapiga nanga waliolelewa na ikulu zile wakakosa mwenyeji wao mkubwa. Redio na magitaa navyo havikungoja mtu. Bahati njema M. M. Mulokozi, mshairi na mwandishi tunayemfahamu, alizikusanya tendi za nanga za Wahaya na kuzichambua katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1986. Asingefanya hivyo, nyingi tungezisikia kwa kudokezwa tu.

Na kuna wa jirani zaidi: Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka thelathini na mitano ya kungoja! Alikuwa na kisiwa chake na masikio yake.

Kwa hiyo kipande ninachotunga hakina ndege wala mawimbi. Kina nyuzi chache zinazojirudia, taratibu, na kisa cha mvuvi wa dagaa anayehesabu taa za wenzake usiku, na moja haipo. Jirani yangu kaniuliza, "Sasa huo ni muziki wa kupumzika kweli?" Nikamjibu: ndiyo, kaka, ila usisinzie.

Vijana wenzangu mnaotunga, wa kalamu na wa gitaa, mgeni tumkaribishe. Lakini asitutungie sauti yetu.