Mpagazi, Manamba na Mkataba wa Kazi

Wapagazi walioshusha pembe za ndovu Bagamoyo katika karne ya 19 wengi wao hawakuwa watumwa. Walipatana ujira na posho. Walipodhulumiwa, walitua mizigo. Ukoloni uliigeuza silaha hiyo kuwa jinai: chini ya sheria ya Waingereza ya 1923, manamba aliyetoroka shamba la mkonge kabla ya kutimiza siku 30 za kipande chake aliweza kushtakiwa.

Tunajifunza nini? Mkataba unaomfunga mmoja ni mnyororo. Baada ya Uhuru, sheria ya 1964 ilianza kumzuia mwajiri kufukuza ovyo. Ile ya 2004 inamtaka aandike masharti ya kazi, asivuke saa 45 za kawaida kwa wiki, wala asiachishe bila sababu halali na utaratibu wa haki. Lakini haki asiyoijua mfanyakazi ni karatasi tu. Kuifundisha ni wajibu wetu.