Diplome ao kazi ya mapema? Tuangalie historia yetu mbele ya kugawa kese



Katika mkutano wetu uliopita tulibishana mpaka jua likazama. Kese ya shirika ni ndogo. Kuna vijana waliopata Diplome d'État na wanataka kuendelea iniversite. Wengine wanaomba mashini ya kushona, vyombo vya useremala, ao mtaji mdogo wa kuuza. Baba mmoja alisimama akasema: «Matajiri ya Butembo hawakusoma iniversite. Mutoto aanze kutafuta feza tu.» Mama mmoja aliyerudi upande wa Mangina akamujibu: «Shamba yangu waliichukua. Butike yangu waliichoma. Kile mutoto amesoma, nani atakichoma?»

Wote wawili tuliwapigia makofi. Lakini kese haiwezi kupiga makofi pande mbili, lazima iamue. Ndiyo maana tumeona vizuri kurudi nyuma kidogo, tuangalie wazee wetu walipita wapi.

Shule ya butike

Wakati wa Wabelgiji, shule ilikuwa ya kutoa makarani, walimu, makatekista na wauguzi. Iniversite ya Lovanium, ku Léopoldville, ilianza mwaka 1954, na ile ya Élisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye diplome ya iniversite walikuwa wachache sana. Mtu angeweza kuwataja kwa majina bila kuandika.

Watu wa kwetu walichukua njia ingine: mboga na maharagi ya milima, samaki ya chumvi ya ziwa Edouard, kahawa, kisha zahabu. Kijana alimaliza shule ya msingi, akaingia ku butike ya mjomba ao ya baba mdogo. Miaka ya kwanza alifagia, alibeba mizigo, alijifunza kuhesabu feza na kumutambua mteja asiyelipaka deni. Akionekana mwaminifu, alipewa bidhaa kidogo auze juu yake mwenyewe. Kidogo kidogo akapata butike yake, kisha lori ya kwenda Kisangani. Wengine walifika Kampala, Dubai, Hong Kong na Guangzhou, na kurudi na makontena.

Tusiseme basi kama wazee hao hawakusoma. Walisoma, na minervali waliilipa kwa miaka ya kutumika bila mshahara. Tena, historia yao tunaifahamu vizuri juu ya mtu aliyekaa sana ku kiti cha shule: Vwakyanakazi Mukohya, aliyefanya utafiti wake wa udaktari juu ya wafanyabiashara wa Butembo, ku Université du Wisconsin, Marekani, mwaka 1982. Wenye butike walifanya historia, na mwenye diplome akaiandika.

Wafanyabiashara wanajenga iniversite

Mwaka 1971 Leta iliunganisha iniversite zote za inchi kuwa moja, UNAZA, na mwaka 1981 ikazigawanya tena: Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Kwa mzazi wa Butembo ao Beni, zote zilikuwa mbali. Barabara ilikuwa inakufa, na mshahara wa Leta ulikuwa unakufa pamoja nayo. Walimu wengi waliacha chaki wakaenda sokoni. Ni wakati ule watu walianza kusema kama kusoma ni kupoteza wakati.

Lakini angalieni kilichofuata. Mwaka 1989 Leta ilikubali iniversite za binafsi, na mwaka uleule Monseigneur Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni toka 1966 mpaka 1997, alianzisha Université Catholique du Graben ku Butembo. Aliwaomba waumini wachange, na wafanyabiashara nao walitoa. Watu ambao hawakukanyaga iniversite walitoa feza ili iniversite ikuwe karibu na watoto wao. Kisha zingine zikafuata, kama Université Chrétienne Bilingue du Congo ku Beni, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu mwenye lori anagonjwa na anahitaji daktari. Anashitakiwa na anahitaji mwenye kujua sheria. Na kahawa yake ikikauka, anahitaji mtu wa kilimo. Ugonjwa wa trachéomycose ulipokausha robusta upande wa Beni, wakulima wengi waling'oa miti bila kujua nini kinaiua. Wale matajiri ambao baba yetu alitutolea mfano ndio walijibu swali lake, na walijibu kwa mifuko yao.

Shamba chini ya njia zote mbili

Hapa ndipo historia inatugusa sisi wenye kukimbia na kurudi. Kijana wa butike aliweza kutumika miaka mitatu bila mshahara kwa sababu alikula nyumbani, na chakula kilitoka shambani. Mwanafunzi wa iniversite naye alilipiwa na kahawa, kisha na kakao. Njia ni mbili, lakini zote zilisimama juu ya kitu kimoja: shamba ambalo mtu anafika asubuhi na kurudi jioni akiwa mzima.

Toka mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yalipoanza ku Beni, kitu hicho kimevunjika kwa wengi wetu. Kakao inaiva na mwenyewe anaogopa kwenda kuichuma. Mjomba mwenye butike naye ni mkimbizi. Kwa hiyo mtu akituambia «fanyeni kama wazee», tunamuomba akumbuke kama wazee walikuwa na chungu ku moto.

Tulipata somo lingine wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1/8/2018 ku Mangina na kumalizika tarehe 25/6/2020, kisha watu 3 470 kupatwa na 2 287 kufa. Ile «riposte» iliajiri waganga na wauguzi, lakini pia wenye pikipiki, wenye kunawisha watu mikono, wenye kuzika. Mwenye diplome alilipwa mingi kuliko asiyekuwa nayo. Lakini kazi ilipofungwa, ilifungwa kwa wote, na leo tunaona wenye lisansi wanaendesha taxi-moto pamoja na wale walioacha shule. Wenye kubaki na kitu ni wale walionunua kiwanja ao mashini, ao waliolipa mwaka wa mwisho wa masomo, wakati feza ilikuwa bado inaingia.

Tunapendekeza nini

Kwa mpango mpya wa LMD, lisansi ni miaka mitatu. Zamani ilikuwa mitano, mitatu ya graduat na miwili ya lisansi. Udaktari ni mrefu zaidi. Kila mwaka una minervali, nyumba, chakula, na kazi ambayo kijana hafanyi. Aliyeacha katikati amepata hasara mara mbili: hana diplome, na hana ufundi. Kwa hiyo:

Kwanza, tusilipie mwaka wa kwanza kama hatujui nani atalipa wa tatu. Heri kusindikiza wanafunzi wachache mpaka mwisho kuliko kuwaanzisha wengi na kuwaacha njiani.

Pili, kazi ya mapema isikuwe kumutupa kijana barabarani auze mafuta ya kadhafi. Mashini bila fundi wa kumufundisha ni chuma tu. Tulipie pia miezi ya kujifunza, na chakula cha ile miezi, kwa sababu chungu ya nyumbani haipo tena.

Tatu, binti asikuwe wa kwanza kuondolewa shule feza ikipunguka. Mara nyingi mutoto mwanamume ndiye anasukumwa iniversite hata kama hapendi, na dada yake mwenye akili anabaki ku soko.

Inne, anayelipiwa masomo ajifunze pia kazi moja ya mikono wakati wa likizo, na anayejifunza ufundi ajue kuandika hesabu ya kese yake.

Wafadhili wapenzi, tunajua picha ya mutoto katika toge inafurahisha, na picha ya mashini ishirini pia. Tunawaomba kitu kisichopigika picha: mutuahidi miaka mitatu, hata kwa watu wachache.

Wanamemba, ku mkutano ujao kila mmoja alete jina la fundi anayekubali kupokea mwanafunzi, ao la kijana aliyekwama mwaka wa mwisho. Yule baba na yule mama tumewaomba wakae pamoja ku tume ya kusoma maombi. Wamekubali, lakini bado wanabishana.