Bajeti Ilipokuwa Mkoba

Kila mwaka, siku ya bajeti, Waziri wa Fedha wa Kenya huinua mkoba mbele ya wapiga picha kabla ya kuelekea bungeni. Wengi huuona kama pambo tu la shughuli. Kumbe hapo zamani mkoba ndio uliokuwa bajeti yenyewe.

Wagauli, wenyeji wa Ufaransa kabla ya kutawaliwa na Warumi, walikuwa na neno la mfuko wa ngozi ambalo Warumi walilichukua wakaliita bulga. Kwa Kifaransa likawa bouge, na mfuko mdogo ukaitwa bougette. Waingereza walilipokea katika karne ya 15, likageuka midomoni mwao hadi likawa budget. Maana haikubadilika: kifuko cha kutilia nyaraka, fedha au vikorokoro vya safari. Baadaye hata kilichomo kikapewa jina hilo, na mtu aliweza kuleta budget ya habari, yaani furushi la habari, bila senti moja kutajwa.

Upande wa fedha uliingia kwa kejeli. Mwaka 1733 Robert Walpole, aliyeongoza serikali na hazina ya Uingereza, alitaka kubadili ushuru wa mvinyo na tumbaku. Wapinzani wakatoa kijitabu, The Budget Opened, wakimfananisha na tapeli wa dawa anayefungua mkoba wake sokoni na kutoa tiba ya kila ugonjwa. Kejeli ilimkaa barabara. Wananchi walikuja juu, na mwaka uleule mpango ukaachwa. Msemo ndio uliobaki: waziri akiwasilisha makadirio, husemwa anafungua budget.

Serikali nayo ikaizoea dhihaka hiyo, ikaifanya heshima. William Gladstone, waziri wa fedha wa Uingereza ambaye hotuba yake ya bajeti ya mwaka 1853 ilichukua saa 4 na dakika 45 (maskini wabunge!), alitengenezewa sanduku la mbao lililovikwa ngozi nyekundu. Mawaziri wengi waliomfuata walibeba hilohilo, hadi George Osborne alipolitumia kwa mara ya mwisho mwaka 2010, likiwa limechakaa mno.

Wafaransa, wenye mali, walikuwa wameshalisahau neno lao la zamani. Walipohitaji jina la hesabu za serikali waliazima budget kutoka Uingereza, na kufikia karne ya 19 likawa neno rasmi la hazina yao. Ndiyo maana leo Dodoma husoma bajeti iliyotokana na Kiingereza, ilhali Kinshasa hupitisha budget iliyoletwa na Kifaransa.