Mtunzi Kabla ya Mhadhiri: Ken Walibora na Ualimu wa Utunzi Chuoni

Mwalimu wa utunzi katika chuo kikuu hutazamiwa awe na mambo mawili: kazi aliyoitunga na shahada aliyotunukiwa. Kanuni za vyuo huchukulia kwamba shahada ndiyo hutangulia. Historia ya fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, yaonyesha kinyume chake mara nyingi, na maisha ya marehemu Ken Walibora ni kielelezo kizuri cha jambo hilo.

Walibora alizaliwa Bungoma katikati ya miaka ya 1960, akakulia Trans Nzoia, ambako Kitale ndio mji mkuu. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo ilikuwa ya mashamba ya walowezi, na vibarua wake walitoka pande nyingi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, jamaa nyingi kutoka Bungoma na kwingineko zilihamia huko kutafuta ardhi. Mbukusu, Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu walipokutana sokoni Kitale, Kiswahili ndicho kilichowawezesha kusikilizana. Kwa mtoto wa mahali kama hapo, Kiswahili hakikuwa urithi wa ukoo. Kilikuwa lugha ya ujirani na ya darasani.

Matunda ya malezi hayo yalionekana mwaka 1996 ilipochapishwa riwaya ya Siku Njema. Mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, anaondoka Tanga na kusafiri hadi Kitale kumtafuta baba yake. Yafaa mwelekeo wa safari hiyo uzingatiwe: mwana wa pwani anamtafuta mzazi wake bara. Riwaya ilipata wasomaji walio tayari, kwani mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umekifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa. Siku Njema ilisomwa shuleni kote nchini, na baadaye Kidagaa Kimemwozea nayo pia.

Shahada ya uzamivu ilikuja nyuma sana. Walibora aliipata mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, kwa tasnifu juu ya masimulizi ya vifungo vya kisiasa nchini Kenya. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kisha akarejea nyumbani na kufundisha Chuo Kikuu cha Riara. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa amepita njia iliyofanana na hiyo: Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, naye akahitimu uzamivu huko huko Madison mwaka 1985. Wote wawili walifariki mwaka 2020.

Haimkiniki kudai kwamba usomi haukuwafaa watu hawa. Tasnifu ya Kezilahabi ilihusu falsafa na ufasiri wa fasihi ya Kiafrika, na riwaya zake za baadaye, Nagona na Mzingile, zina alama za tafakuri hiyo. Lakini usomi ulikuta ufundi umekwisha kuwapo, haukuuzaa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Bungoma ya leo. Chuo Kikuu cha Kibabii kilipewa hati mwaka 2015, na kijana wa huko aweza sasa kusomea Kiswahili karibu na kwao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyoifanya shahada ya uzamivu kuwa sharti la msingi la uhadhiri. Kwa kipimo hicho, Walibora wa mwaka 1996 angeona kitabu chake kikifundishwa darasani, naye mwenyewe asiruhusiwe kulifundisha darasa hilo.

Shahada haina haja ya kuondolewa. Linalotakiwa ni idara za Kiswahili kuihesabu riwaya, tamthilia au diwani kuwa kazi ya kitaaluma, sawa na makala ya uhakiki inayoandikwa juu yake. Mhakiki hula chakula kilichopikwa na mtunzi. Si haki mpishi azuiwe mlangoni.